Mwamvua na Watu wa Mpokezi

Sisi wa Kigombe tulimjua Mwamvua binti Uweso kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa mpishi wa shughuli. Mtu akiwa na arusi au hitima, kabla hajatafuta mbuzi alikwenda kwanza kumuuliza Mwamvua kama ana nafasi. Siku yenyewe ikifika, kijiji kizima kilimsikia akiwagombeza walioleta kuni mbichi. Akishawagombeza anacheka, nao wanacheka, na kuni kavu zinapatikana.

Ndivyo Miraji alivyomwona mara ya kwanza. Miraji alikuwa seremala wa Ngamiani, Tanga mjini, mtu mpole asiye na maneno mengi, aliyeletwa kwetu kutengeneza milango ya msikiti. Alikuwa juu ya ngazi akimsikiliza yule msichana akiwafokea wanaume wazima, akacheka mpaka nyundo ikamponyoka. Haukupita muda wazee wake wakaja kuposa. Mwamvua akahamia Ngamiani, kwenye nyumba yenye baraza pana ambako Miraji alifanyia kazi zake za vitanda, viti na masanduku.

Walijaliwa watoto wanne. Uweso alikufa kwa homa akiwa ndiyo kwanza anatambaa. Mselem naye homa. Mastura, ambaye alikwisha kuanza chuoni na kuhifadhi sura fupi fupi, alikufa kwa surua mwaka wa hamsini na tatu. Akabaki Asmahani, kitinda mimba. Kila msiba Miraji alizikata mwenyewe mbao za kufunikia mwanandani wa kaburi, akazipiga randa mpaka zikawa laini kama za kabati, ingawa zilikuwa zinakwenda kufukiwa. Baada ya zile za Mastura akaacha kuzungumza. Si kwamba alinuna. Ukimsalimu aliitika, ukimwagiza kitanda alitengeneza. Lakini nyumbani aliweza kukaa tangu alasiri mpaka isha hajatamka neno, na Mwamvua, ambaye hakuzoea ukimya, akawa anazungumza kwa niaba ya wote wawili.

Majirani walikuwa watu wema. Waliwaombea dua, walileta chakula, na bila kuambizana waliafikiana kwamba majina ya wale watoto yasitajwe mbele ya wazazi wao, wasije wakatoneshwa kidonda.

Mtu mmoja aliyeitwa Safari alifika barazani pale kutaka sanduku la nguo. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, amevaa kanzu iliyofuliwa mara nyingi. Wengine walisema ni mtu wa Pangani, wengine wakasema wa Mrima wa kusini. Lililojulikana kwa hakika ni kwamba alipelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, wakati wa vita vikuu, akafanya kazi ya kubeba majeruhi na maiti. Alikaa akamtazama Miraji akipiga randa, kisha akamuuliza:

"Fundi, una watoto?"

"Ninaye mmoja," akasema Miraji.

Safari akauliza taratibu, "Na wale wengine wanaitwa nani?"

Mwamvua alikuwa mlangoni na sinia la mchele. Alimwona mumewe akiiweka randa chini. Kisha Miraji akasema, "Uweso. Mselem. Mastura." Akarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayeita watu waje kula. Halafu akalia, na Mwamvua akaketi palepale kizingitini akalia naye, na mchele ukamwagika.

Jioni ile Miraji alizungumza. Alimweleza mkewe jinsi Mastura alivyokuwa akiiba vipande vya mbao na kuvifanya watoto wake. Mwamvua alikuwa hajui. Walicheka kitandani kama waliooana juzi. Basi mtu akiuliza mwanamke mwenye akili zake aliingiaje katika mambo yale, jibu ni hilo. Yule mtu alimrudishia mumewe.

Safari akawa anakuja kila mara, na nyuma yake watu. Walikuwa wajane, wazazi waliofiwa, na vibarua wa mashamba ya mkonge, manamba waliotoka mbali, ambao mama zao walikufa kule bara na habari ikawafikia baada ya mwaka. Hakumwambia mtu aache dini yake. Waislamu walisali, Wakristo waliimba nyimbo zao, kisha wote wakaketi kwenye jamvi moja, na yeye akawauliza majina ya wafu wao. Hakusahau hata jina moja. Ukirudi baada ya miezi alikukumbusha mwanao alipenda tunda gani. Alisema wafu hawakwenda mbali. Wako ukingoni, wanasubiri mtu wa kuwapokea, na yeye Safari, aliyewabeba wengi begani kule vitani, ameonyeshwa ndotoni kwamba kazi hiyo ni yake. Ndiyo maana watu wakamwita Mpokezi.

Mwalimu wa msikiti wa mtaani alikuja kumwonya Miraji. "Watoto wako wako kwa Mola wao, bwana Miraji. Mwenye kuwafufua ni Yeye, kwa siku aitakayo. Huyu mtu anakupoteza."

Miraji alimjibu kwa heshima. "Mwalimu, umenizikia watoto watatu, Mungu akulipe kheri. Lakini hukuniuliza hata siku moja majina yao."

Mwaka wa hamsini na tano Mpokezi alisema mahali pamepatikana. Ni Mikandaani, mbele ya Moa, karibu na mpaka, ambako maji yakipwa mchanga unabaki mtupu mpaka macho yanachoka. Wafu watakuja kupitia pale, kwa miguu, siku ya bamvua, maji yanapokwenda mbali kupita siku zote. Miraji akauza vyombo vyake vya kazi. Kaka yake Mwamvua, Mwinyijuma, alipata habari akatoka Kigombe kwa baiskeli akafika Ngamiani amelowa jasho.

"Mdogo wangu, nendeni kama mnakwenda," akasema. "Lakini Asmahani niachie mimi."

Mwamvua alimtazama mumewe. Miraji akasema, "Shemeji, ndugu zake watakapokuja, wasimkute? Watauliza yuko wapi."

Mwinyijuma alimbeba mpwa wake, akamweka chini, akapanda baiskeli yake.

Miezi ya mwanzo kule Mikandaani ilikuwa mizuri, na Mwamvua hakuacha kusema hivyo hata uzeeni. Walijenga vibanda vya makuti nyuma ya miti ya mikandaa, wakalima mihogo, wakachimba kisima. Hapakuwa na bwana wala mtwana. Mtu akiota ndoto mbaya aliamka akakuta wenzake wameshakaa naye. Mwamvua alikuwa mpishi wa wote, na sauti yake ilisikika kambi nzima. Msaidizi wake alikuwa Yudith, Mshambaa, Mlutheri, mwanamke mwembamba mwenye haya. Mumewe Noa aliteremka mlimani kufanya kazi ya mkonge akafia kambini huko. Yudith alipomfuata alikuta ameshazikwa, na katika makaburi yale yasiyo na alama hakuna aliyeweza kumwonyesha lipi ni lake. Alizunguka makaburini kutwa nzima, akiinama kwa kila moja. Alimweleza Mwamvua habari hiyo siku moja wakimenya mihogo, kisha akasema, "Mpokezi aliniambia sina haja ya kulijua kaburi. Noa mwenyewe atanijia."

"Atakuja," Mwamvua akamwambia, na alikuwa anaamini.

Bamvua la kwanza walisimama wote ufukweni, wamevaa nguo safi, wakitazama mchanga. Jua lilipanda, maji yakarudi, hapakuja mtu. Mpokezi hakukasirika. Alikaa peke yake siku mbili, kisha akawaambia kwamba walikuja, tena walikaribia sana, lakini wafu hawawezi kusogea palipo na harufu ya nyama na samaki. Wakaacha nyama na samaki. Bamvua lililofuata hawakuja tena. Wakaacha chumvi na nazi. Kisha wakaacha chakula cha mchana. Kila walipongoja wakakosa, chungu cha Mwamvua kilipunguzwa, mpaka ikawa anapika uji mwepesi mara moja kwa siku, na sauti yake nayo ikapungua bila yeye kujua.

Mwisho Mpokezi akasema harufu ya moto wenyewe ndiyo inayowafukuza. Magunia yaliyobaki yalipelekwa Moa yakatolewa sadaka, mihogo ikang'olewa ikagawiwa, na moto ukazimwa. Watabaki na maji ya kisima tu mpaka bamvua lijalo. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuacha. Uso wake ulikuwa umebaki macho, lakini kila asubuhi alipita kibanda kwa kibanda, akashika mkono wa kila mtu, akataja majina ya wafu wake. Watu waliungoja mkono ule kama dawa.

Alipokufa mzee mmoja wa watu wa mkonge, wengi waliogopa. Mpokezi akamfunga kidevu kwa mikono yake, akasema, "Huyu ametangulia kuwaita." Baada ya hapo hofu iligeuka kuwa kitu kingine. Alipokufa wa pili, Mwamvua alisikia wanawake wakisema, "Ana bahati." Akaona baridi mwilini, na jua lilikuwa kali.

Kwa nini hakuondoka siku ile? Asmahani aliwahi kumuuliza mama yake swali hilo, na Mwamvua akamjibu kwamba mwili usiokula unachoka hata kufikiri. Tena baba yake alikuwa na furaha. Miraji alikuwa amelala mkekani, mifupa mitupu, anatabasamu, anamweleza mkewe jinsi Mselem atakavyokuwa amerefuka. "Ningemwambiaje?" Mwamvua alisema. "Niseme nimechoka kuwangoja wanangu?"

Lililomwinua ni jambo dogo. Asubuhi moja alikuwa anamwogesha Asmahani kisimani. Maji yalikuwa yakishuka juu ya mbavu za mtoto na kukwama katika kila mfereji. Asmahani hakuwa akilia tena siku hizo, wala hakuomba chakula. Alimtazama mama yake akasema, "Mama, nikifa, na mimi utakuja kunipokea?"

Mwamvua alimfuta maji, akampeleka kwa Yudith kibandani, akajifunga kanga, akashika njia ya Moa.

Njia ile si ndefu, lakini ilimchukua asubuhi nzima. Alikuwa akitembea, akikaa, akitembea. Nyumba ya kwanza aliyoifikia ilikuwa ya mwanamke anayeitwa Kijakazi, aliyekuwa akitwanga uani. Kijakazi alimwona mtu akianguka kwenye ua wake akautupa mchi.

"Mwanangu we! Unaumwa?"

"Siumwi. Nipe unga," akasema Mwamvua. "Nipe unga na nazi, na moto. Hatuna moto."

"Unatoka Mikandaani?" Kijakazi alikwisha kuchukua kikombe cha uji. "Tuliwaona mlivyokuwa wembamba, tukadhani mna maradhi ya kuambukiza, tukaogopa kuja. Kunywa hiki kwanza."

Mwamvua alikiangalia kile kikombe cha uji. Alikunywa nusu, polepole, huku machozi yanamtoka, kisha akaomba kilichobaki akibebe. Kijakazi hakumkubalia. Alimlazimisha amalize, akamfungia unga katika kitambaa, akampa nazi, akatia makaa ya moto ndani ya kifuu na kuyafunika kwa majivu. Mwamvua alipokwisha kuondoka, Kijakazi alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa jumbe, akamwambia kule mikandaani watu wanakufa njaa kwa hiari yao, na wamo watoto. Jumbe akampeleka mtu kwa baiskeli kutoa habari serikalini.

Jua la alasiri lilimkuta Mwamvua amepiga magoti kwenye mafiga yake ya zamani, anapuliza. Makuti yakashika. Aliteka maji akakoroga uji mwembamba, kwa kuwa alijua tumbo lililofungwa siku nyingi haliwezi kubeba kizito. Harufu ya nazi ikatembea. Katika vibanda watu wakaanza kunyanyua vichwa.

Mpokezi alikuja anajikongoja na fimbo. Hakupiga kelele. Aliketi chini mbele yake, upande wa pili wa moto, kama mgeni aliyekuja kusubiri chakula.

"Mama Asmahani," akasema, "zima moto. Wako karibu kuliko siku zote. Nimewaona alfajiri ya leo."

Mwamvua akaendelea kukoroga.

"Nimemwona Uweso," Mpokezi akasema. "Anatembea sasa. Nimemwona Mselem. Na Mastura, mkononi ana vipande vyake vya mbao. Watauona moshi huu na watarudi nyuma. Utawafukuza wanao kwa mkono wako?"

Upawa ulisimama. Waliokuwepo walisema mwanamke yule alifumba macho, na wakadhani sasa atamwaga maji motoni. Aliwaona watoto wake, wote watatu, kama alivyoambiwa. Alipofumbua macho alikuwa akilia.

"Umetaja watatu," akasema. "Hukumtaja Asmahani."

"Asmahani yu hai," Mpokezi akajibu.

"Basi ndiyo maana napika."

Mwamvua akajaza bakuli, akainuka, akapita kando ya Mpokezi akaenda kwa Yudith. Asmahani hakuweza kushika kijiko, basi akamnywesha kwa kidole, tone kwa tone, akimwambia, "Taratibu, mwanangu, taratibu, kipo." Kisha akamgeukia Yudith aliyekuwa amejikunja ukutani.

"Sitaki," Yudith akasema.

"Fungua mdomo."

"Noa anakuja, dada. Niache."

Mwamvua hakuwa na nguvu za kubishana. Alimshika kichwa akamtilia uji mdomoni kama mtoto anayekataa dawa, na Yudith akameza, akalia, akameza tena.

Wengine walikuja wenyewe wakitambaa. Wengine walivuta nguo zao wakajifunika nyuso wasisikie harufu. Mwamvua alimwendea Miraji mwisho, kwa sababu alikuwa anaogopa. Akamwinua kichwa akakilaza mapajani.

"Baba Asmahani, kunywa kidogo."

Miraji alitabasamu. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Nawasikia, mke wangu. Wanacheka. Usinirudishe sasa."

"Asmahani amekunywa. Kunywa na wewe, tukamlee."

"Amekunywa?" Miraji akauliza, na ilikuwa kama jambo hilo limempendeza. "Basi mpe na changu."

Akafunga mdomo. Mwamvua alimsihi, akamwimbia, akamfokea kwa ile sauti ya kugombeza watu wa kuni, akamgusisha kijiko mdomoni mpaka uji ukamtiririka shingoni. Hakufungua. Hakufanya hivyo kwa ukaidi. Alikuwa kama mtu aliyesimama mlangoni mwa nyumba aliyoitamani miaka mingi, na wewe unamvuta kanzu. Alikufa kesho yake asubuhi, kabla ya lori la serikali kufika.

Lori lilipofika, askari na mganga wao waliwabeba waliokuwa hai mmoja mmoja. Waliokufa Mikandaani, wengine kabla ya siku ile na wengine baada yake, walizikwa palepale nyuma ya vibanda. Mpokezi alikutwa ameketi ufukweni, ameelekea mchanga mtupu. Hakupinga. Aliposhikwa mkono alisema tu, "Mmewarudisha." Hakufika mbele ya hakimu. Alikufa hospitalini Tanga kabla ya juma kwisha, hakupokea kitu kwa mkono wa mtu.

Watu wa mjini walisubiri kusikia kwamba ndani ya kibanda chake kulikutwa gunia la mchele, au kuku, au hazina ya wafuasi wake. Askari walikipekua. Walikuta mkeka, kata ya maji, na kanzu ile. Habari hiyo iliwaudhi wengi, kwa kuwa mwongo ni rahisi kumchukia. Mwamvua alipoambiwa, amelala kitanda cha hospitali na Asmahani ubavuni, aliinamisha uso.

"Ningependa wangelikuta hilo gunia," akasema.

Kitanda cha pili yake alilala Yudith. Siku zote walizolala pale Mwamvua alimsalimu asubuhi na jioni, Yudith akageukia ukuta. Siku ya kutoka, Yudith alikuja akasimama mbele yake, ameshika kifurushi chake.

"Alikuwa ameshafika," akamwambia. "Nilikuwa nimemwona Noa, amevaa shati lake la Jumapili. Ukanirudisha. Sikukuomba."

Yudith akaondoka.

Mwinyijuma alikuja kumchukua dada yake. Hakumwambia "nilikuambia", wala siku hiyo wala siku nyingine. Alimpakia Asmahani mbele ya baiskeli, Mwamvua akapanda basi, wakakutana Kigombe.

Hapa kwetu ilizuka mabishano juu ya hitima ya Miraji. Wako waliosema mtu aliyejinyima chakula mpaka akafa amejiua, na watu wasikusanyike kumsomea kama mwingine. Yalisemwa barazani, Mwinyijuma akiwepo. Alisikiliza, kisha akasimama.

"Mimi si kadhi," akasema. "Milango ya msikiti huu mnaoingia na kutoka aliitengeneza shemeji yangu. Aliwapenda wanawe mpaka akapotea. Ijumaa baada ya sala namsomea nyumbani kwangu. Mwenye kuja aje, mwenye kukaa akae."

Ijumaa ile nyumba haikutosha. Watu walikaa mpaka njiani. Na baada ya kusoma, imamu wetu, ambaye hakuwa ametoa neno katika yale mabishano, aliomba dua akamtaja Miraji, kisha akamuuliza Mwinyijuma kwa sauti ya chini majina ya wale watoto, akawataja nao, mmoja mmoja. Mwamvua alikuwa ndani na wanawake. Alilia mpaka akaishiwa, na bibi zetu hawakumnyamazisha.

Chakula cha hitima ile walipika wengine. Muda mrefu Mwamvua hakutaka kusimama mbele ya chungu kikubwa. Alipika cha nyumbani tu, kidogo kidogo, na Asmahani hakuwa anaruhusiwa kuondoka mkekani kabla ya kumaliza. Mtoto akinenepa mashavu, mama anamshika mashavu. Watu walisema anamharibu kwa kumlisha. Yeye hakujali. Kisha mwaka mmoja binti wa jirani aliolewa, na mpishi aliyepatikana akaunguza wali. Mwamvua alikuwa ameketi na wageni. Alivumilia mpaka akashindwa, akainuka, akaingia uani, na tukaisikia ile sauti ikiuliza ni nani aliyeleta kuni hizi. Wanawake wakapiga vigelegele kuliko walivyompigia bibi arusi.

Hata hivyo hakuwa mtu yule wa zamani. Kila bamvua, maji yanapokwenda mbali, alifunga mlango wake unaotazama pwani akakaa uani mpaka maji yarudi. Alipoulizwa alisema upepo una mchanga. Na mtu akifiwa na mtoto hapa Kigombe, Mwamvua alikuwa wa kwanza kufika, na swali lake lilikuwa moja. Aliuliza jina, na akishaambiwa alilitumia. Miaka ilipita yeye bado anamuuliza mama wa mtoto, "Leo umemkumbuka?" na kutaja jina. Wengine hawakupenda. Wengi walimngoja.

Yudith hakurudi mlimani kwao. Alipata kazi ya kufagia kwenye nyumba ya wageni Tanga, na Jumamosi alikwenda soko la Ngamiani, siku ambayo Mwamvua naye alifika kuuza ukili wa kushonea mikeka na nazi. Walipishana pale miaka mitatu. Mwamvua alimsalimu kila mara, na kila mara Yudith alipita kama aliyesalimiwa na nguzo. Asmahani, ambaye sasa alikuwa msichana anayekwenda shule, alimwambia mama yake aache kujidhalilisha.

"Simsalimu ili aitike," Mwamvua alimjibu. "Namsalimu kwa sababu yupo."

Jumamosi moja ya mwaka wa hamsini na tisa, mvua za vuli zimeanza, Yudith alisimama mbele ya nazi za Mwamvua. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliokota nazi, akaitikisa sikioni kusikia maji, akairudisha, akaokota nyingine.

"Mtoto hajambo?" akauliza, macho yakiwa kwenye nazi.

"Hajambo."

"Anasoma?"

"Anasoma. Anapenda hesabu."

Yudith akaitikia kwa kichwa. Alisimama bado, mvua inamlowesha mabega, na Mwamvua akasogea upande akamwachia nafasi chini ya turubai. Yudith aliiangalia ile nafasi. Kisha akainama akaingia, akaketi juu ya gunia, kapu lake mapajani, na wote wawili wakatazama mvua ikipiga njia ya soko, mpaka wateja walipoanza kurudi.